Figo za Mwenye Kisukari, na Hesabu ya Miaka



Mhariri wa kurasa za Kiswahili ameniomba niandike somo moja la afya, nami nimechagua jambo lililoulizwa darasani kwangu muhula uliopita. Tulikuwa tukisoma habari za figo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano akauliza: Ikiwa sehemu ya figo iliyokwisha kufa haioti tena, mwenye kisukari anayepimwa na kuambiwa figo zake zimeanza kuharibika amepata nini zaidi ya huzuni? Swali hilo ni zuri, tena ni gumu. Watu wazima wengi hapa Kigali huliuliza moyoni ingawa hawalitamki, na kwa ajili yake hawaendi kupimwa. Basi nitalijibu kwa utaratibu, na sehemu kubwa ya jibu lenyewe ni hesabu.

Kazi ya figo

Kila mtu huzaliwa na figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi yake, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna machujio madogo sana yapatayo milioni moja. Kila chujio ni fundo la mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Damu huingia kwa mlango mmoja, hupita katika fundo lile, kisha hutoka kwa mlango mwingine. Ikiwa ndani, nguvu ya msukumo wake husukuma maji, chumvi, sukari na takataka zitoke upande wa pili. Chembe za damu, na protini kubwa kama ile iitwayo albumini, hubaki ndani kwa kuwa matundu ya chujio ni madogo mno kwao.

Figo za kijana mzima huchuja karibu mililita 125 kila dakika. Zidisheni kwa dakika 60, tena kwa saa 24, mtapata lita 180 kwa siku. Hayo ni madumu tisa ya lita 20, yale ya manjano tunayoyaona watu wakichotea maji katika vilima vyetu. Mtu hakojoi madumu tisa, kwa maana maji yale yaliyochujwa hupita katika bomba jembamba refu, na humo mwili hurudisha katika damu karibu kila kilicho chake, maji kwa sukari. Kinachobaki, yaani lita moja au mbili, ndicho mkojo.

Jinsi sukari inavyoharibu

Kisukari ni ugonjwa wa sukari kuzidi katika damu. Kuna aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huwapata watoto na vijana, nayo hutokea kongosho linaposhindwa kabisa kutengeneza insulini. Na kuna aina ya pili, iliyo nyingi zaidi, ambayo insulini ipo lakini haitoshi au mwili hauitii. Kabla ya mwaka 1922 kijana mwenye aina ya kwanza hakuishi muda mrefu. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mwezi wa Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akachomwa sindano yake. Tangu hapo wagonjwa waliishi miaka mingi, na kwa kuishi huko ndipo madaktari walipoona madhara yanayokuja polepole: ya macho, ya miguu, ya moyo, na ya figo. Mwaka 1936 madaktari wawili, Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson, walieleza makovu waliyoyaona kwa hadubini ndani ya machujio ya figo za wagonjwa wa kisukari waliokufa.

Makovu hayo hutokeaje? Fikirini kituo cha mabasi cha Nyabugogo siku ya kuamkia Noeli. Mlango wa kuingilia ukifunguliwa wazi kabisa, na wa kutokea ukibanwa, watu ndani watasongamana mpaka kuta zitetemeke. Hivyo ndivyo inavyokuwa katika chujio la mwenye kisukari. Sukari nyingi katika damu hulegeza mlango wa kuingilia, na kemikali za mwili hubana mlango wa kutokea. Msukumo ndani ya fundo huzidi. Hapo mwanzo figo huonekana kama ina nguvu mpya, kwa kuwa huchuja kupita kawaida. Lakini kuta za mishipa huumia, hunenepa, na matundu hupanuka. Albumini, ambayo haikupaswa kupita, huanza kupenya na kuonekana katika mkojo. Miaka ikipita, chujio hugeuka kovu na kufa. Machujio yaliyobaki hubebeshwa kazi ya wenzao, nayo huumia upesi zaidi.

Katika wagonjwa 10 wa kisukari, kama 3 au 4 hupata ugonjwa huu wa figo. Na jambo la kuogopwa ni kwamba hauumi. Mtu aweza kupoteza nusu ya nguvu za figo zake huku akipanda vilima vya Kigali, akifanya kazi, akila na kulala vizuri. Kuvimba miguu, kichefuchefu, kuwashwa mwili na kuishiwa pumzi huja mwishoni, wakati kazi ya kuokoa imekwisha kuwa ngumu. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Na mwiba huu hauchomi hata kidogo unapoingia.

Vipimo viwili

Kwa sababu hauumi, hautafutwi kwa dalili. Hutafutwa kwa vipimo viwili, navyo vyote ni vyepesi.

Kipimo cha kwanza ni cha mkojo. Maabara hutazama kuna miligramu ngapi za albumini kwa kila gramu moja ya kreatinini. Ikiwa ni chini ya 30, ni sawa. Kati ya 30 na 300, matundu yameanza kupanuka. Zaidi ya 300, hatari ni kubwa. Homa, maambukizo ya njia ya mkojo, au mbio kali za siku ile zaweza kupandisha hesabu hiyo kwa muda. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Hurudiwa, na ikiwa mara mbili katika tatu, kwa muda wa miezi mitatu hadi sita, albumini imezidi, ndipo husemwa kwamba ugonjwa upo.

Kipimo cha pili ni cha damu. Hupimwa kreatinini, takataka itokayo katika misuli, ambayo figo nzima huiondoa. Kwa kutumia kreatinini, umri, na kama mtu ni mwanamume au mwanamke, hukadiriwa kiwango cha kuchuja, yaani mililita kwa dakika. Kijana mzima huwa na 100 au zaidi. Kiwango kikiwa chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu, huo ni ugonjwa wa figo wa kudumu. Kikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa.

Vipimo vyote viwili vyahitajiwa, maana figo yaweza kuvuja albumini huku kiwango cha kuchuja kikiwa bado kizuri, na huo ndio wakati wenye faida kuu. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe siku ile ile anapogunduliwa, kwa kuwa sukari yaweza kuwa ilimkaa miaka mingi bila yeye kujua. Mwenye aina ya kwanza aanze baada ya miaka mitano ya ugonjwa. Baada ya hapo ni kila mwaka.

Jibu la swali

Sasa turudi kwenye swali. Ni kweli, chujio lililokufa halifufuki. Lakini mgonjwa anayeanza kuvuja albumini bado ana mamia ya maelfu ya machujio mazima, na jambo la kuuliza ni yatakufa kwa mwendo gani.

Hadi miaka ya 1970 wengi waliamini kwamba mwendo huo haubadiliki. Waliovunja imani hiyo ni madaktari wa Denmark. Carl Erik Mogensen wa Aarhus, katika makala ya mwaka 1982, na Hans-Henrik Parving na wenzake, mwaka 1983, walionyesha kwamba kushusha shinikizo la damu hupunguza mwendo wa uharibifu. Parving aliwafuata wagonjwa 10 tu, lakini hesabu yake ilikuwa wazi. Kabla ya dawa, kiwango cha kuchuja kilishuka kwa mililita 0.91 kila mwezi. Baada ya dawa, 0.39.

Tufanye hesabu. Mililita 0.91 kwa mwezi ni karibu 11 kwa mwaka. Mgonjwa aliye na kiwango cha 60 ana 45 za kupoteza kabla ya kufika 15. Gawanyeni 45 kwa 11: amebakiwa na miaka 4. Lakini 0.39 kwa mwezi ni karibu 4.7 kwa mwaka. Gawanyeni tena, mtapata zaidi ya miaka 9. Hakuna chujio hata moja lililofufuka, na mtu yule ameongezewa miaka mitano ya kuishi bila mashine.

Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 4,401 wenye kisukari cha aina ya pili na figo zinazovuja albumini, katika nchi 34. Wote walikuwa tayari wanatumia dawa za kulinda figo za siku zile. Nusu yao waliongezewa dawa mpya iitwayo kanagliflozini, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya majuma ya kwanza, wale wasiopewa dawa mpya walipoteza karibu mililita 4.6 kwa mwaka. Waliopewa walipoteza 1.85. Rudieni hesabu ile ile. Mtu wa miaka 50 mwenye kiwango cha 60, akipoteza 4.6 kwa mwaka, figo zake zitashindwa akiwa na miaka 60 hivi, pengine watoto wake wa mwisho wako shuleni. Akipoteza 1.85, atafika miaka 74. Hizo ni hesabu za wastani, na wako wanaoshuka upesi zaidi au polepole zaidi. Lakini zatosha kuonyesha faida ya kupimwa.

Nina sababu zangu za kulijali jambo hili. Mimi mwenyewe nina kisukari tangu mwaka 2013, na katika kipimo cha mkojo cha mwaka 2019 albumini ikaonekana. Kiwango changu cha kuchuja kilikuwa 78. Nikaanzishiwa vidonge vya kulinda figo, nikapunguza chumvi, na mwaka 2025 kiwango kilikuwa 70. Nimepoteza 8 katika miaka sita, mwendo usiopita sana ule wa uzee wa kawaida. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye darasa moja, ambaye ameniruhusu kumtaja bila jina, alipata kisukari karibu wakati mmoja na mimi. Alikunywa dawa zake za sukari kila siku bila kukosa. Kwa miaka saba hakuna aliyemwambia apime mkojo, alikokuwa akitibiwa, naye hakujua kwamba aweza kuomba. Siku miguu ilipovimba kiwango chake kilikuwa 11. Sasa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kila juma, saa nne kila mara. Tofauti kati yake na mimi haikuwa bidii. Ilikuwa kikombe kimoja cha mkojo kwa mwaka.

Asili ya dawa

Wanafunzi wa sayansi watapenda kujua dawa hizi zilitoka wapi.

Kundi la kwanza lilianzia kwa nyoka. Huko Brazili yuko nyoka wa jamii ya kifutu, aitwaye jararaca, ambaye sumu yake hushusha shinikizo la damu la anayeumwa. Mwaka 1965 mtaalamu wa Brazili, Sérgio Ferreira, alitangaza habari za kitu alichokipata ndani ya sumu hiyo. Kutokana na kazi hiyo, wanakemia wa Marekani walitengeneza kidonge kiitwacho kaptoprili, kilichoruhusiwa kuuzwa huko mwaka 1981. Mwaka 1993 utafiti wa wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza ulionyesha kwamba kaptoprili ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, au kuhitaji mashine, au kuhitaji figo ya kupandikizwa. Enalaprili na lisinoprili ni ndugu zake. Losartani ni ya jamii ya jirani, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine, na faida yake kwa figo za wenye kisukari cha aina ya pili ilithibitishwa mwaka 2001. Kumbukeni mfano wa Nyabugogo: dawa hizi hufungua mlango wa kutokea.

Kundi la pili lilianzia kwenye gome la mtufaha. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa ndani ya gome hilo kitu kichungu kiitwacho florizini. Mwaka 1886 Josef von Mering aligundua kwamba florizini humfanya mnyama akojoe sukari. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya wataalamu kutengeneza jamaa zake zinazofaa kuwa vidonge: kanagliflozini, dapagliflozini na empagliflozini. Dawa hizi huzuia lile bomba refu la figo lisirudishe sukari yote katika damu, na kwa kufanya hivyo hubana kidogo mlango wa kuingilia. Hivyo msongamano ndani ya chujio hupungua kutoka pande zote mbili. Utafiti wa dapagliflozini wa mwaka 2020 na wa empagliflozini wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata watu wenye ugonjwa wa figo wasio na kisukari hufaidika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa za lazima. Tena mwaka 2024 sindano ya kila juma iitwayo semaglutaidi, iliyopimwa kwa watu 3,533, ilipunguza hatari kubwa za figo kwa asilimia 24. Ila bei yake bado ni mzigo kwa watu wengi.

Na sukari yenyewe isisahauliwe. Utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 1993, uliofuata watu 1,441 wa aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuishika sukari karibu na kawaida hupunguza kwa asilimia 39 kuanza kuvuja kwa albumini.

Wajibu wa mgonjwa

Dawa ni kazi ya daktari kuzichagua. Lakini yako mambo ambayo mgonjwa na nyumba yake yawapasa kuyashika.

Kwanza, shinikizo la damu. Kwa wengi lengo ni chini ya 130 kwa 80. Lipimwe kila mwendapo kliniki, na hesabu yake iandikwe katika daftari.

Pili, sukari. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu kwa wengi hulengwa karibu asilimia 7. Wazee na wanaoshukiwa na sukari mara kwa mara huwekewa lengo la juu zaidi.

Tatu, chumvi. Isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate, mchuzi wa vipande vya kukolezea, na mishikaki ya jioni. Anayenyunyiza chumvi mezani juu ya viazi vya kukaanga hujibebesha mzigo mara mbili.

Nne, dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa ajili ya mgongo na magoti, huumiza figo zilizokwisha kudhoofika. Mwambieni mwenye duka la dawa kwamba mna kisukari kabla hajawapa chochote. Vivyo hivyo mitishamba isiyojulikana kipimo chake: iko inayoua machujio.

Tano, tumbaku iachwe, na mwili utembezwe.

Sita, yako mambo ya kuangaliwa na dawa zenyewe. Dawa za kundi la kwanza hazifai kwa mama mjamzito, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni; mwanamke anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema. Baada ya kuzianza, damu hupimwa tena ili kutazama potasiamu na kreatinini. Kreatinini ikipanda kidogo, si ishara ya sumu, maana msukumo ndani ya chujio umepunguzwa makusudi. Daktari ndiye ajuaye kiasi cha kukubali. Mgonjwa akitapika au akiharisha, au asipoweza kula na kunywa, amwulize daktari mara moja juu ya kusimamisha kwa muda dawa za kundi la pili, na pengine za kwanza. Na jamaa zetu Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo waonane na daktari majuma kadhaa kabla ya Ramadhani, wapange saa na vipimo vya dawa, wala wasingoje siku ya kwanza ya mfungo.

Hapa kwetu Kigali

Watu husema mambo haya ni ya nchi tajiri. Tazameni basi yaliyo karibu nasi. Tangu mwaka 2016 mji wetu una siku ambayo magari huzuiwa katika barabara kadhaa ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Ilianza Jumapili moja kwa mwezi, kisha ikawa mbili. Siku hizo wahudumu wa afya hupima watu sukari na shinikizo la damu bila malipo. Kuchomwa kidole hapo huchukua dakika chache. Atakayeonekana ana sukari aende kituo cha afya kwa kadi yake ya bima, naye apelekwe hospitali ya wilaya ikihitajiwa. Na huko aombe kwa maneno yake mwenyewe: Nataka kupimwa albumini katika mkojo, na kreatinini katika damu.

Wale ambao figo zao zimekwisha kushindwa hawakuachwa. Mashine za kusafisha damu zipo katika hospitali zetu kubwa. Hospitali ya King Faisal, hapa Kigali, ilianza kupandikiza figo mwaka 2023. Kabla ya hapo mgonjwa alilazimika kusafiri nchi za mbali. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba kusafisha damu na kupandikiza figo vitaingizwa katika bima ya afya ya jamii, ile tuiitayo Mutuelle. Haya ni mambo makubwa ya kushukuru. Hata hivyo mashine hufanya sehemu tu ya kazi ya figo. Figo huchuja usiku na mchana kwa saa 168 za juma. Mashine humsafisha mtu kwa saa 12. Na aliyepandikizwa hunywa dawa za kuutuliza mwili usiikatae figo ya mwenzake, kila siku ya maisha yake. Kidonge cha kulinda figo ni chepesi kuliko yote hayo.

Neno kwa wanafunzi, na kwa waliotutangulia

Ninyi mlio shuleni, pengine katika bweni lenu yuko mwenzenu anayejichoma insulini. Msimcheke, wala msimfiche. Akipitisha miaka mitano ya ugonjwa, mkumbusheni kipimo cha mkojo kama mnavyomkumbusha tarehe ya mtihani. Na mnaporudi nyumbani likizo, ikiwa baba, mama, shangazi au babu ana kisukari, mwulizeni lini alipimwa mkojo mara ya mwisho. Mzazi ambaye hamsikilizi jirani humsikiliza mtoto anayesoma.

Nanyi wanafunzi wa zamani, wengi wetu tumefika umri ambao aina ya pili hubisha hodi. Tukikutana katika sherehe za shule twasimuliana habari za kazi na za watoto, na magonjwa twayafunika. Kinyarwanda chasema, Ushaka gukira indwara arayirata, yaani anayetaka kupona ugonjwa huutangaza. Nacho Kiswahili chasema, mficha maradhi, kifo humwumbua. Natoa shauri kwamba katika mkutano wetu ujao tumwalike muuguzi na mashine ya shinikizo la damu, na kila mwenye kisukari aje na karatasi ya kipimo chake cha mkojo cha mwaka huu. Asiye nayo ana muda wa kutosha kuipata kabla ya siku hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini albumini haionekani katika mkojo wa mtu mzima?
2. Eleza, kwa mfano wa milango miwili, jinsi kila kundi la dawa linavyopunguza msukumo ndani ya chujio.
3. Mgonjwa ana kiwango cha kuchuja cha 52. Akipoteza 3.7 kwa mwaka, atafika 15 baada ya miaka mingapi? Na akipoteza 1.85?
4. Mtu amekimbia mbio ndefu asubuhi, na mchana akapimwa mkojo, albumini ikawa 45. Je, ana ugonjwa wa figo? Utamshauri nini?
5. Jirani yako mwenye kisukari anaumwa magoti na amekutuma dukani ukamletee diklofenaki. Utamwambia nini, na kwa maneno gani ya heshima?